Choroko kwa Sukari: maneno kwa wenzetu wanaokwenda Vietnam

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango kama watu wenye nia ya kutoroka: nimepewa nusu saa. Habari za viza mmeshaelezwa, za ndege mmeshaelezwa, na vita vya Vietnam kila mtu hapa anavijua kuliko mimi. Mimi nimeitwa niseme juu ya vitamutamu, kwa sababu nimekwenda kule mara tatu na mara zote tatu nimerudi nguo hazinitoshi.

Nianze na choroko. Nani hapa kakua bila choroko? Choroko za nazi na wali, choroko na chapati, choroko tarehe ishirini na tano mshahara ukiwa umeshakwisha. Basi siku yangu ya kwanza Hanoi nilikaa juu ya kigoda cha plastiki kando ya njia, kifupi hivi, magoti yamenifika kidevuni. Nikaletewa bilauri ndefu na kijiko kirefu. Nikachota, nikatia mdomoni. Choroko! Zimemenywa ganda, zimechemshwa mpaka zimelainika, zimetiwa sukari, juu yake tui zito, na barafu iliyopondwa. Nilibaki na kijiko mdomoni, sijui nicheke au niteme. Mama yangu angeona choroko ndani ya bilauri ya barafu angemwita mtu anisomee. Lakini nilipofika chini nikakwangua, na nikaagiza ya pili.

Hilo ndilo ninalotaka mliweke akilini kabla hamjafunga mabegi. Huko mnakokwenda hamtakutana na kitu kigeni jikoni. Ni mchele, nazi, ndizi mbivu, muhogo, magimbi, mahindi, ufuta, karanga, tangawizi, fenesi. Vyote tunavyo, vingine vimeota nyuma ya nyumba. Kinachoshangaza ni mkono. Wamechukua vitu vyetu vile vile wakavipeleka njia ambayo sisi hatukuifikiria, na pengine wamefika pale pale tulipofika sisi. Hilo la pili nitalieleza, kwa sababu kuna mahali lilinitoa machozi.

Kwanza niwaepushe na kosa nililolifanya mimi. Msikae mkahawani baada ya kula mkasubiri kitamutamu. Hakiji. Mimi nilisubiri. Nilikula samaki wangu, nikafuta mikono, nikakaa kama mgeni wa harusi anayengoja pilau, na mwisho nikaletewa chai isiyo na sukari na sahani ya matikiti. Nikajua hawana. Kumbe wanavyo kuliko sisi, ila havina mahusiano na mlo. Kule baada ya chakula ni matunda. Kitamutamu kina saa zake, tokea alasiri mpaka usiku, na kina mahali pake, nacho ni njiani: mwanamke mwenye masufuria yake saba au manane, viti vifupi, na wanafunzi wanaotoka skuli. Mkiona wanafunzi wamejazana, kaeni hapo. Watoto hawali kitu kibaya kwa pesa zao wenyewe.

Kitu chenyewe kinaitwa chè, na kwa bahati tunaweza kulitamka jina hilo kama lilivyoandikwa. Ila kaskazini neno hilo hilo ni chai pia, kwa hiyo msishangae mkiletewa kikombe cha majani. Chè si kitu kimoja, ni ukoo mzima. Kuna ya moto na ya baridi, nzito kama uji na nyepesi kama juisi, ya kwenye bakuli na ya kwenye bilauri. Na jina lake lina adabu: linakuambia kilichomo. Chè đậu xanh ni ya choroko. Chè đậu đen ni ya kunde nyeusi, ndiyo, kunde. Chè chuối ni ya ndizi mbivu zilizopikwa na tui na tembe ndogo za wanga wa muhogo, na hiyo mtu wa Unguja akipewa amefumba macho atauliza kama Ramadhani imeshaingia. Chè khoai môn ni ya magimbi na mchele wa kunata. Chè bắp ni ya mahindi machanga. Jifunzeni maneno sita au saba ya vitu hivyo, hamtahitaji zaidi.

Ila angalieni sauti. Lugha yao inapanda na kushuka, na ukikosea umesema kitu kingine. Dừa, kwa sauti ya kushuka, ni nazi. Dứa, kwa sauti ya kupanda, ni nanasi, hasa kwa watu wa kaskazini. Na lá dứa, kwa watu wa kusini, si jani la nanasi hata kidogo. Ni jani refu la kijani linalonukia, wanalolikamua maji yake kupaka rangi na harufu vitamutamu. Mama zetu hapa wangelijua kwa pua. Mti wake ni wa ukoo mmoja na mkadi wetu, ule ambao maua yake yanatiwa kwenye kikuba. Sisi mkadi tumeuweka nywelani na kifuani, wao wa kwao wameutia chunguni. Nilipoulizia nazi siku moja nililetewa nanasi, na nililila, maana lilikuwa limeshamenywa.

Sasa hilo la machozi.

Mkifika Hanoi kati ya Septemba na Novemba, ulizeni cốm. Mimi nilikuwa natembea asubuhi karibu na ziwa, nikamkuta mama mmoja amechutama na vikapu vyake viwili. Alikuwa na jani kubwa la yungiyungi, la duara, kijani kibichi. Alichota kitu kwa kikombe, akakimwaga katikati ya jani, akalikunja pande nne, akalifunga kwa bua la mpunga. Nikalipa, nikafungua pale pale. Ndani mna punje za kijani hafifu, bapa, laini, baridi kwa unyevu wa jani. Nikachota kwa vidole vitatu kama nilivyomwona mzee wa pembeni anavyofanya, kidogo kidogo, nikatafuna.

Pepeta.

Wenye asili ya Pemba humu ndani wameshanielewa, nawaona wanatikisa vichwa. Kwa wengine nieleze. Pepeta ni mpunga uliovunwa bado mchanga, maziwa yake hayajakauka vizuri ndani ya punje. Unakaangwa na maganda yake, unatiwa kinuni ungali moto, unatwangwa mpaka punje zinalala bapa, kisha unapepetwa kwenye ungo. Bibi yangu alikuwa akitufanyia msimu wa mavuno, akatuchanganyia nazi iliyokunwa na sukari, tukala barazani miguu imejaa vumbi. Ana miaka mingi kaburini, Mungu amrehemu, na pepeta siku hizi hata kwetu ni ya kutafuta. Nikaikuta Hanoi, ndani ya jani la yungiyungi.

Wao wanaifanya hivyo hivyo. Mpunga wa kunata ukiwa na maziwa, karai la chuma juu ya moto wa kuni, kinu, ungo, tena kinu, tena ungo. Kijiji chenye jina kwa kazi hiyo kinaitwa Vòng, nacho siku hizi kimemezwa na mji wa Hanoi. Wanaila kavu, au na ndizi mbivu zilizoanza madoadoa. Na kutokana nayo wanafanya bánh cốm, mkate mdogo wa mraba, wa kijani, unaonata, katikati umewekwa choroko tamu na nazi. Mtaa wake ni Hàng Than. Huo unapelekwa kwa wazazi wa msichana anapoposwa, pamoja na mwingine uitwao bánh phu thê, maana yake mkate wa mume na mke. Huu wa pili unapikwa kwa wanga wa muhogo na kuchanganywa na papai bichi lililochambuliwa nyuzi nyuzi, ili meno yapate cha kutafuna. Unaangaza kama kioo chenye ukungu. Bwana mmoja aliniambia inafaa iliwe miwili miwili, mmoja peke yake ni mkosi. Sijui kama ni mila au alikuwa anauza.

Hanoi hiyo hiyo, kama safari yenu ni Januari, chukueni sweta. Msicheke. Joto linaweza kushuka mpaka nyuzi kumi, na mtu wa pwani atakoma. Dawa yake inauzwa usiku: bánh trôi tàu, matonge mawili ya mchele wa kunata ndani ya bakuli la shira ya moto ya tangawizi. Moja lina ufuta mweusi tumboni, la pili lina choroko. Uma polepole. Ufuta ule uliosagwa na sukari unatoka moto kama lami, na mimi nina alama mdomoni hapa ya kuthibitisha.

Wana tonge jingine la ukoo huo, dogo, lina kipande cha sukari guru ndani, na hilo lina siku yake: tarehe tatu ya mwezi wa tatu. Mwezi wa mbinguni, nasema. Nao wanahesabu kwa mwezi kama sisi, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu wanaongeza mwezi mzima, ndiyo maana sikukuu zao hazizunguki mwaka kama Idi zetu. Tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, inayoangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, ni sikukuu ya watoto na mikate ya mwezi, bánh trung thu, ya kuoka na isiyookwa. Mikubwa, mizuri, imepigwa muhuri kama sarafu. Na Tết, mwaka mpya wao, kila nyumba ina sinia la mứt: tangawizi, nazi, mbegu za yungiyungi, vyote vimekaushwa kwa sukari. Mgeni akiingia anakaribishwa sinia kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

Mikate ya mwezi imenifikisha kwenye jambo ambalo najua nusu yenu mnalingoja. Je, ni halali?

Nitasema wazi, kwa sababu wenyeji wa hoteli watawaambia ndiyo kwa kila kitu, kwa ukarimu. Chè nyingi sana ni nafaka, kunde, matunda, nazi na sukari. Hizo kuleni. Rau câu, ile ya kugandishwa yenye tabaka za nazi na kahawa, inagandishwa kwa mwani, ni ndugu wa faluda yetu. Lakini mafuta ya nguruwe kule ni kama samli kwetu, yanaingia pasipotarajiwa. Mikate ya mwezi ya mchanganyiko huwa nayo, na soseji ya nguruwe juu yake. Vile vijiboksi vya choroko iliyosagwa vya Hải Dương, vinavyoyeyuka ulimini na kunywewa na chai chungu, asili yake vilitiwa mafuta hayo. Sasa vipo vya mafuta ya mimea, ila soma karatasi. Bánh pía ya Sóc Trăng, yenye doriani ndani, vilevile uliza. Na wali uliochachushwa wanaokula asubuhi ya tarehe tano ya mwezi wa tano, wakisema unaua wadudu wa tumboni, huo ni ulevi, hata ukipewa kwa kijiko.

Neno la kujifunza ni moja: chay. Maana yake chakula kisicho na nyama. Wafuasi wa Budha wengi wanakula chay tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi wao, kwa hiyo kila muuzaji analielewa na halimkeri. Sema chay, kisha onyesha kidole. Chay haizuii pombe, hilo mliangalie wenyewe.

Na kuna majina ya kuwahadaa, kwa pande zote mbili. Bánh da lợn, ukitafsiri, ni mkate wa ngozi ya nguruwe. Mwenzangu mmoja aliusukuma mpaka upande wa pili wa meza. Hauna nguruwe. Ni tabaka za kijani na njano, wanga wa muhogo na lile jani linalonukia, halafu choroko, halafu tena, unapikwa kwa mvuke tabaka moja baada ya jingine. Ni namna tu unavyonyumbuka na mistari yake ndiyo iliyowakumbusha ngozi. Bánh bò nao, bò ni ng'ombe, na hauna ng'ombe. Sasa geuza upande wa pili. Huế, jioni, mimi mwenyewe nimekaa na bakuli la shira safi, ndani yake vitonge vidogo vinavyoangaza, vizuri kama lulu. Nikasema hivi ni vya wanga wa muhogo, navijua. Kabla sijala nikakipasua kimoja kwa kijiko, desturi yangu. Nikaona nyama. Nguruwe wa kuchoma, ndani ya kitamutamu! Kinaitwa chè bột lọc heo quay, ni fahari ya mji ule, na wanaokila wanasema chumvi ya nyama na sukari vinapatana. Sina ugomvi nao. Neno ni heo, wengine kaskazini husema lợn. Mkiliona kwenye kibao, mmeshajua.

Lakini Huế msiiruke kwa sababu ya kitonge kimoja. Huo ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Nguyễn tokea 1802 mpaka 1945, na mahali palipokuwa na wafalme kitamutamu huwa kina adabu. Vibakuli ni vidogo, aina ni nyingi, unakula tatu au nne kwa mkao mmoja bila kuonekana mlafi. Yungiyungi zinaota kwenye ziwa la Tịnh Tâm, ndani ya ngome yenyewe. Mbegu zake zinamenywa, unatolewa ule ujani mchungu wa katikati, zinachemshwa bila kupasuka. Kisha, na hapa niliacha kutafuna nikatazama, wanachukua tunda liitwalo nhãn, ukoo mmoja na shokishoki, wanalitoa kokwa bila kuliharibu, na mahali pa kokwa wanaweka mbegu ya yungiyungi. Moja moja, kwa vidole. Unapewa tano au sita ndani ya shira nyepesi. Nilimuuliza mama aliyenipikia, kwa msaada wa binti yake, inachukua muda gani. Binti alitafsiri, mama akacheka bila kujibu, akaendelea kumenya.

Mahindi ya chè bắp ya Huế yanatoka kwenye kisiwa kidogo kilichomo mtoni, Cồn Hến. Yanakwanguliwa kutoka kwenye gunzi yakiwa na maziwa. Hayo nayo kuleni.

Hội An mkiwahi, tafuteni ule uji mweusi wa ufuta, xí mà. Kutoka hapo mpaka Saigon, au Jiji la Ho Chi Minh kama linavyoandikwa, kila kitu kinazidi tui na kinazidi barafu. Hapo ndipo penye chè ba màu, ya rangi tatu: kunde nyekundu chini, choroko njano katikati, vijiti vya kijani vya kugandisha juu, barafu, tui. Tui lenyewe lina chumvi kidogo, ndiyo siri yake. Koroga kabla ya kula, msiogope kuharibu picha. Barafu tazameni iwe ile ya kiwandani yenye tundu katikati, na kama sukari inawatisha semeni ít ngọt, tamu kidogo. Bilauri haifiki hata dola moja mara nyingi, na kwa hilo angalieni noti: ya dong 20,000 na ya dong 500,000 zote ni za bluu. Mimi nimewahi kumpa mtu ile kubwa, akanikimbilia hatua hamsini kunirudishia. Si kila mtu atakimbia.

Flani na maziwa ya kopo waliachiwa na Wafaransa, ni vizuri, ila havikuwapandisha ndege kwa saa zote hizo.

Kule chini kabisa, kwenye delta ya Mekong, upande wa Châu Đốc, kuna miti mirefu iliyosimama mashambani, ukiiona utasema ni mivumo ya kwetu. Ni ndugu kweli, jamii moja. Wagema wanapanda, wanakinga maji ya maua, wanayachemsha mpaka yanakuwa sukari ya njano yenye harufu ya moshi. Sukari hiyo inatiwa kwenye unga wa mchele na tui, unaachwa uumuke, unapikwa kwa mvuke. Ule ndio bánh bò thốt nốt. Nilipoukata nikaona matundu membamba yamesimama wima, moja kando ya jingine, kama sega la nyuki. Nikamtumia dada yangu picha Wete, sikuandika kitu. Akanijibu: mkate wa kumimina umeupika na nini, mbona wa njano?

Sikumjibu mpaka nilipofika kwenye wifi ya hoteli siku ya pili.

La mwisho ni nazi. Sehemu za Bến Tre, ambazo tokea 2025 zimeunganishwa na mkoa wa Vĩnh Long, ni minazi mpaka macho yanachoka. Wanapika pipi, kẹo dừa: tui na kimea na sukari kwenye karai, mwiko haupumziki, ni haluwa ile ile ya jasho. Ikishagandana inakatwa, na kila kipande kinafungwa kwa karatasi nyembamba ya mchele kabla ya karatasi ya nje. Nimebakiwa na mfuko mmoja, huu hapa. Naupitisha, mmoja mmoja tafadhali, tuko wengi. Toeni ya nje tu. Na wewe bwana pale nyuma, usihangaike kuibandua hiyo ya ndani, utavunja kucha. Hiyo inaliwa.